Mkaguzi Haonji: Maelezo Sahihi Kuhusu Kabichi ya Bi Halina

Siku yangu ya kwanza kazini katika jiji la Toronto nilikataa glasi ya maji. Aliyenipa alikuwa bibi wa Kipolandi, umri wa mama yangu, na tulikuwa katika jiko lililo chini ya ukumbi wa kanisa, upande wa magharibi wa jiji, ambako wanawake wa kanisa hilo walipikia harusi na misiba. Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu mgeni akikataa maji, mwenyeji hulala akijiuliza amekosa nini. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono wakati mkuu wangu, aliyesimama nyuma yangu, aliposema kwa sauti ya chini:

"Bwana Mbaruku, mkaguzi haonji."

"Ni maji tu," nilimjibu.

"Leo ni maji. Baadaye itakuwa supu. Halafu siku moja utaona haya kuwafungia jiko."

Nikarudisha mkono. Yule bibi akaimwaga glasi ndani ya karo mbele ya macho yangu, akanipa mgongo.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaosomea afya ya mazingira katika vyuo vya hapa, wapate kujua ukaguzi wa vyakula ulivyofanywa katika zama zetu. Naandika pia kwa sababu ya pili, na sioni haja ya kuificha. Katika mikusanyiko yetu ya Waswahili huku Scarborough, mashariki mwa jiji, yanazunguka maneno kwamba mimi, mkaguzi mstaafu, nilikamatwa nikiingiza kwa siri chakula chenye ulevi katika nyumba ya kulelea wazee. Sikukamatwa. Sikuingiza kitu kwa siri. Chakula hakikuwa na ulevi. Nitayaeleza mambo kwa mpangilio wake, na anayeyajua vinginevyo aje tuonane uso kwa uso.

Mkuu wangu alikuwa na cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Kanda. Alizaliwa Polandi, akaletwa Kanada akiwa msichana, na jina lake ni Halina. Sikulitumia jina hilo mpaka sote wawili tulipostaafu, kwa kuwa kabla ya hapo haikufaa. Siku ile alinipeleka kwenye kona ya jiko penye pipa lililofunikwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa jiwe. Ndani mlikuwa na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nywele, imezama katika maji yake yenyewe, povu likielea juu. Ilinuka kama kitu kilichosahauliwa. Mafunzo yangu ya nyumbani yalikuwa wazi kuhusu chakula chenye povu na harufu, kwa hiyo nilitoa karatasi nyekundu, ile inayobandikwa mlangoni pa jiko lililofungwa.

"Umepima?" aliuliza.

"Nimenusa."

"Pua si kipimo. Pima."

Tulikuwa na vifaa vitatu visivyotoka mkobani: tochi, kipimajoto cha sindano, na karatasi za kupimia asidi, ambazo ukizichovya hubadilika rangi. Nilichovya. Rangi iliyotoka ilionyesha asidi kali kiasi kwamba vijidudu vya maradhi visingeweza kuishi mle. Mkuu akanieleza, bila kunicheka, kwamba hiyo ni kabichi chachu. Hukatwa, hutiwa chumvi, hugandamizwa chini ya jiwe, ikaachwa ichache yenyewe bila kutiwa siki. Chumvi na asidi ndizo walinzi wake. "Usiiamini pua yako," alisema, "wala usiniamini mimi." Kisha akainama juu ya pipa, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilidhani anatafuta ukungu.

Niseme pia nilikotoka, ili ieleweke kwa nini maneno yake yaliniingia. Katika mji mmoja wa pwani, nisioutaja kwa sababu watoto wa mhusika wako hai na wanajua kusoma, nilitumikia chini ya bwana mmoja ambaye hakukagua hoteli bila kuonja kila sufuria. Alionja pilau, akaonja mchuzi wa papa, akamalizia na halua, na kila alichokionja kilifaulu. Watu wakiugua tumbo, alilaumu maembe. Kwa hiyo nilipomwona huyu mama wa Kipolandi akila mkate wake ndani ya gari, madirisha yamefungwa, asionekane akitafuna mbele ya mtu tunayemkagua, nilijua nimempata mkuu wa kweli.

Baada ya kanda ya magharibi nilihamishiwa Downsview, kwenye kantini za viwanda na maghala, ambako kazi ilikuwa kupima masufuria ya supu yaliyoachwa katika eneo la hatari. Eneo la hatari ni lile joto la katikati, si moto wala si baridi, ambamo vijidudu huzaana kwa raha zao. Kisha nikapewa Scarborough, na huko ndiko nilikotukanwa kwa lugha ninazozielewa. Mama mmoja wa Mombasa, mwenye duka la sambusa katika safu ya maduka karibu na kituo cha basi, alinisogezea sahani.

"Yaani wewe ni mtu wetu, na huwezi kula hata sambusa moja?"

"Siwezi, Mama. Niko kazini."

"Na ukitoka kazini?"

"Hata nikitoka."

"Basi wewe hukulelewa na mama. Ulilelewa na friji."

Wateja walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi niliingiza sindano ya kipimajoto katika nyama yake, nikaiona iko salama, nikabandika karatasi ya kijani, nikaenda zangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Nilimshuku kila mtu kwa kipimo kilekile, na nadhani hiyo pia ni aina ya heshima.

Bi Halina alistaafu mbele yangu. Hakuwa na watoto. Miguu ilipomshinda alihamia nyumba ya kulelea wazee, si mbali na maghala yale ya Downsview. Mimi, baada ya kustaafu na baada ya mke wangu kufariki, nilianza kumtembelea kila Alhamisi, kwa mabasi mawili na treni. Tulikaa dirishani mwa ukumbi wa kulia tukiyasema makosa ya jiko la pale. Alikuwa na jicho lilelile. "Yule kijana ameshika mkate, ameshika mlango, ameshika mkate tena," alisema, na mimi niliitikia kwamba nimeona.

Kisha akaacha kula. Hakugoma, wala hakutoa malalamiko rasmi. Alifunga tu mdomo. Aliyenieleza ni mhudumu wake, Mama Neema, mtu wa Uvira, Kongo, anayezungumza Kiswahili cha kwao cha kuchanganya na Kifaransa.

"Papa, mama yako huyu hakule tena," alisema. "Minamuletea supu, anaiangalia sawa vile iko na deni yake. Daktari alisema akiendelea hivi, watamutuma hopitali. Na unajua wenye wanatumwa kule. Kitanda yao tunaipa mtu mwingine."

Nililijua hilo. Nilikagua majiko ya nyumba kama ile kwa miaka mingi, na niliviona vitanda vikibadilisha majina. Nikamuuliza Bi Halina kama kuna chakula angekubali kukila.

"Kabichi chachu," alisema, macho dirishani. "Iliyopikwa polepole na tufaha, mpaka iwe kahawia. Mama yangu aliipika siku za baridi. Lakini hapa hawajui, na wewe ni Mwislamu."

"Uislamu haunizuii kuchemsha kabichi."

"Mama alitia nguruwe."

"Mimi nitatia ng'ombe."

Hakukataa, nikachukulia kwamba nimeruhusiwa.

Sasa naomba wale wanaosema niliingiza chakula kwa siri wasome hapa kwa makini. Siku hiyohiyo nilibisha mlango wa Meneja wa Lishe, dada kijana mwenye kofia ya wavu kichwani hata akiwa ofisini, jambo ambalo nililipenda. Nilimweleza nia yangu. Alinitazama kwa namna ambayo mimi mwenyewe niliwatazama watu kwa miaka mingi.

"Chakula kilichochachushwa," alisema. "Kilichopikwa nyumbani. Kikasafiri kwa basi."

"Katika chombo cha kuhifadhi joto. Utakipima mlangoni. Kikiwa chini ya kiwango, nitakimwaga mbele yako."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini," nilimwambia. "Pima."

Alifikiri, kisha akaruhusu, kwa sharti kwamba mhudumu awepo chumbani mgonjwa anapokula. Nilimshukuru. Ningemdharau kama angekubali upesi zaidi.

Dukani kwa Wapolandi nilizisoma chupa zote. Ya kwanza ilikuwa na mvinyo, nikairudisha. Ya pili ilikuwa na siki, maana yake haikuchacha, imelazimishwa kuwa kali na inajifanya chachu. Ya tatu ilikuwa kabichi na chumvi basi. Mwenye duka, ambaye nilimkagua zamani, alisimama karibu nami akijifuta mikono.

"Mzee, umestaafu kweli?"

"Nimestaafu."

"Mbona unasoma hivyo?"

Nyama niliipata kwa mchinjaji wetu wa halali: kidari cha ng'ombe kilichokaushwa kwa moshi. Nilimuuliza moshi huo ni wa kuni gani na kimelala wapi usiku. Akaniuliza kama nataka nyama au nataka kesi.

Nilikaanga vitunguu katika samli mpaka vikawa kahawia, nikatia nyama iliyokatwa vipande vidogo, nikatia kabichi pamoja na maji yake yote, tufaha lililoparwa, kijiko cha kisibiti, yaani zile mbegu nyembamba zenye harufu kama ya bizari, na supu ya mifupa ya kufunika. Nikafunika sufuria, nikapunguza moto, nikaiacha ijipike taratibu. Harufu ilitoka ikatembea kwenye korido ya ghorofa letu. Jirani yangu mmoja, ambaye simtaji ingawa yeye hakusita kunitaja mimi, aligonga mlango.

"Mzee Mbaruku, salama? Nini hicho?"

"Kabichi."

"Kabichi gani inanuka kama kilabu cha pombe?"

"Karibu ndani ujionee."

"Hapana, asante. Nilikuwa napita tu."

Alikuwa amevaa kandambili za nyumbani. Mtu hapiti na kandambili ghorofani kwa watu. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa.

Alhamisi iliyofuata Meneja alipima chombo changu mlangoni, akatikisa kichwa kukubali. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, Mama Neema akiwa ameshapakua. Bi Halina alitia kijiko kimoja mdomoni. Akakitema kwenye kitambaa, akafuta midomo, akageukia ukutani.

Nitasema niliyoyafikiri, kwa kuwa nimeahidi kuweka kumbukumbu sawa. Nilifikiri kwamba chombo kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine wakati nanawa. Nikamwita Mama Neema koridoni.

"Uliongeza kitu katika chakula?"

"Kitu gani?"

"Chumvi, kwa mfano."

"Papa, unanishitaki?" Aliweka mikono kiunoni. "Mi niko na wazee saba ya kuogesha, halafu nitafute chumvi ya kuharibu kabichi yako? Hiyo kabichi ilikuja ikiwa imeharibika yenyewe. Sikia vile inanuka. Ingekuwa mutu, tungemuita padri."

Sikuridhika. Nilipika tena, na safari hii niliuzungushia mfuniko utepe wa karatasi, nikatia sahihi juu ya maungio, kama tulivyofanya na vielelezo vilivyokwenda maabara. Utepe ulifika mzima. Niliukata mwenyewe mbele ya Bi Halina, nikapakua mwenyewe, na Mama Neema akasimama mbali kabisa, mikono juu kama mtu anayekaguliwa uwanja wa ndege. Bi Halina akaonja. Akatema tena.

Mlangoni Meneja alinisubiri. "Daktari anakuja kesho mchana," alisema. "Sitaki kukudanganya. Fomu za hospitali ziko tayari." Aliongea kwa upole, na upole wake ulinitia hofu kuliko ukali.

Nilirudi chumbani. Mama Neema hakuwa tena mtuhumiwa. Chupa ilikuwa safi, nyama ilikuwa salama, joto lilikuwa sahihi. Alibaki mshukiwa mmoja, naye alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilivuta kiti.

"Bi Halina, ni kwa sababu ya nguruwe? Niambie. Unaikataa kwa sababu si kama ya mama yako?"

Alinigeukia taratibu. Lilikuwa jicho la Mkaguzi Mkuu wa Kanda, lile la jikoni chini ya kanisa.

"Bwana Mbaruku. Umeonja?"

"Nini?"

"Hiki chakula. Kabla hujaniletea. Umeonja?"

Nilinyooka kwenye kiti. "Mkaguzi haonji. Ulinifundisha mwenyewe."

Mama Neema, ambaye tulikuwa tumezungumza kwa Kiingereza mbele yake, alitazama huku, akatazama kule.

"Katika majiko ya watu," Bi Halina akasema. "Nilisema katika majiko ya watu. Si katika jiko lako mwenyewe, mtu wewe."

"Ee Papa," Mama Neema akaingia kwa Kiswahili. "Kwetu mwenye analeta chakula ndiye anaanza kuonja, mugeni aone hamuna sumu. Kwenu hamufanye?"

Kwetu tunafanya. Marehemu mama yangu hakupata kumpa mtu kikombe bila kukigusa kwanza kwa midomo yake. Nililijua hilo tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni, na nikalibadilisha kwa kipimajoto.

Mama Neema akanipa kijiko. Nikaonja. Taya zilikaza mpaka masikioni, macho yakatoa maji, na chumvi ilikuwa ya mtu aliyemeza maji ya bahari akiogelea. Bi Halina alinitazama bila huruma yoyote.

"Uliiosha kabichi kabla ya kuipika?"

"Kuiosha?" nilisema, nilipoweza. "Ukiiosha unaondoa asidi na chumvi. Asidi na chumvi ndizo walinzi wake."

Hapo alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ahamie pale, na huenda hata kabla ya hapo.

"Kwa hiyo umenipikia chakula ambacho kijidudu hakiwezi kukila," alisema. "Wala mimi siwezi."

Kisha akatoa maagizo, kama enzi zile. Kabichi ioshwe kwa maji baridi, ikamuliwe, ioshwe tena. Maji yake yanayobaki yawekwe kando, yarudishwe kwa kijiko iwapo tu ulimi utayataka. Moto uwe mdogo. "Na usimuulize kipimajoto kama imeiva. Jiulize wewe."

Nilipika usiku huo na asubuhi yake. Niliosha, nikakamua. Niliacha vitunguu vizame mpaka visionekane. Nilionja, nikaongeza tufaha. Nilionja, nikarudisha kijiko cha maji chachu, kwa sababu sasa ladha ilikuwa imepooza mno. Kilichonishangaza ni kwamba baada ya kuonja hivyo kwa muda niliacha kukunja uso, na nikajikuta nimesimama juu ya sufuria kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ndipo nikakumbuka lile pipa na mwanamke aliyeinama juu yake. Hakuwa akitafuta ukungu. Kwa miaka yote ile aliingia katika majiko ya mama zake, akanusa, akapima, akatoka, akaenda kula mkate ndani ya gari.

Nilifika kabla ya daktari. Meneja akapima joto, likafaulu. Bi Halina alikuwa amekalishwa kitini, amevaa sweta safi, na alininyooshea mkono nisivuke kizingiti.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu," nilisema.

Alilipima jibu hilo. "Basi ingia."

Alikula kijiko, akakaa nacho mdomoni. Akala kingine. Hakusema ni kama ya mama yake, na mimi sikumuuliza, maana najua isingekuwa. Alisema nyama imekatwa vipande vikubwa. Daktari alipoingia alimkuta ameinamia sahani, Bi Halina akamwambia asubiri nje mpaka amalize, na daktari akasubiri. Fomu zilirudi kwenye faili. Bi Halina angali katika chumba chake kilekile.

Vijana, nimeulizwa kama najutia maisha ya kushuku. Sijutii. Kuna watu wengi katika jiji hili waliokula harusini wakaamka wazima kwa sababu mtu kama mimi alikataa maji. Hata leo sili kwenye shughuli mpaka nijue wali ulilala wapi. Shukuni, pimeni, msimwamini mkuu wa kazi wala pua zenu. Lakini mkitoka kazini, vueni na koti la ukaguzi.

Ama kuhusu jirani yangu, juzi aligonga tena, harufu ikiwa imemfuata hadi kwake. Safari hii sikujieleza. Nilichota kidogo, nikampelekea kijiko mlangoni. Alikitazama, akanitazama mimi, hakukipokea.

"Anza wewe," alisema.

Nilianza mimi. Kisha akapokea.